Kamba Niliyojifunga Chini ya Maji

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikikaribishwa chai mahali, nangoja kwanza mwenyeji anywe. Mtu akinisifia shati, nafikiria anataka nini. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, nikamtazama mkunga kama mtu aliyekuja kuniibia. Sioni aibu kuitaja tabia hii, maana imenikinga na mengi. Ila mwaka mmoja, kule Ikola kando ya Ziwa Tanganyika, nusura iniue, na wiki hiyo hiyo ikanivunjia kitu ambacho mpaka leo sijakitengeneza.

Mwaka wa zile mvua za Elnino, baba alipoteza injini ya mashine ya kusaga. Haikuwa yake. Ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa Kasokola, watu wa tumbaku na mahindi, waliojinyima misimu mitatu ili kina mama waache kubeba mahindi kichwani hadi kwenye mashine za Kashaulili, mjini Mpanda. Baba alikuwa mwenyekiti wao. Sisi tulishahamia Nsemulwa, huko huko mjini, lakini shamba lilibaki Kasokola na baba alikwenda huko kila siku kwa baiskeli. Kinu chenyewe kilikuwa kimeshafika na kufungwa kwenye sakafu ya saruji ndani ya kibanda kipya. Ilibaki injini ya kukizungusha. Baba akatumwa Kigoma kuinunua, na alipotaka kurudi maji yalikuwa yamekata reli. Akaipakia kwenye boti la mbao la watu wa ng'ambo, ile ng'ambo ambayo ulimi wetu ulikuwa bado unaiita Zaire, ili ashuke Ikola na kutafuta lori la Mpanda.

Alifika nyumbani bila injini. Alisema upepo uliwakuta wakiwa wanaziona nyumba za Ikola. Boti likaanza kunywa maji, nahodha akaamuru mizigo mizito itupwe, na hapakuwa na mzigo mzito kuliko injini. Baba na mabaharia wawili waliisukuma kwa mikono yao ikaenda. Boti likashusha abiria, likarudi kwao, halikuonekana tena. Hapakuwa na shahidi hata mmoja wa Mpanda.

Nadhani watu wangemwamini kama si mambo mawili. La kwanza lilikuwa kitenge. Baba alirudi na mfuko wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na kitenge cha kijani cha mama, kikavu kabisa, bado kina karatasi ya dukani. Kasokola nzima ikauliza inakuwaje injini izame na kitenge kibaki kikavu. La pili lilikuwa alama. Baba alidai anapajua mahali ilipozama. Alisema wakati wanaisukuma alitazama nchi kavu, akaona jiwe kubwa lililokuwa jeupe kwa kinyesi cha ndege limekaa sawasawa chini ya pengo la mlima. Akageuza shingo upande wa pili, akaona mti mkavu umegusana na pembe ya paa la ghala. Ndivyo tunavyonyoosha matuta ya tumbaku kwetu: unasimika vijiti viwili, unafumba jicho moja, na kijiti cha mbele kikificha cha nyuma mstari umenyooka. Mistari miwili ikikatana, baba alisema, hapo ndipo injini ilipo. Watu walicheka. Katibu wa kikundi alisema hajaona mtu anayezama akapata muda wa kupima matuta.

Hakuna aliyemwita mwizi. Kwetu hatuna haraka hiyo. Waliacha tu kumwarifu siku za mikutano. Kina mama walipopita na mahindi yao kuelekea Kashaulili na kumkuta njiani, walishusha sauti, wakamwamkia, wakaipandisha tena wakishampita. Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Mama alikifungia kile kitenge sandukuni, hakukishona.

Na mimi je? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimshuku baba yangu kuliko walivyomshuku wote, kwa sababu mimi nilikuwa na nafasi. Nilimwomba anisimulie habari ile mara tatu, siku tofauti, nione kama itabadilika. Haikubadilika hata neno, na hilo nalo nikalishuku, nikijiambia kuwa kisa cha kweli huyumbayumba kidogo, cha uongo ndicho hukaririwa. Nilikula naye sahani moja huku nikimtazama vidole.

Katikati ya kiangazi kilichofuata nikaaga kwamba nakwenda Ikola kutafuta kazi. Ufukweni, mwendo mfupi kutoka kijijini, kulikuwa na kambi ya watu wanaovua samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangirangi wanaosafirishwa kwenda kukaa kwenye vioo vya wenye nafasi. Wavuaji wao walizama na mitungi ya hewa mgongoni. Asubuhi ya safari baba alichana ukurasa wa daftari, akachora jiwe, pengo, mti na ghala, akapitisha mistari miwili kwa rula ya mdogo wangu. Akanikabidhi. Alidhani nakwenda kumtafutia injini. Mimi nilikuwa nakwenda kumchunguza.

Kambini nilianza kwa kuosha mitungi na kubeba maji. Baada ya miezi kadhaa nikakabidhiwa kwa mzamiaji wao mkuu anifundishe. Alikuwa mtu wa miaka inayokaribia thelathini, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuja kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba mgongoni mwa mama yake wakati watu wanakimbia Burundi. Aliniita mdogo wangu. Nami nilimwita kaka, kwa mdomo tu. Moyoni nilijiuliza mbona ananipenda hivyo. Alitaka kujua habari za nyumbani, alinipa nusu ya samaki wake, na jioni nilimwona akikaa na wafanyabiashara wa ng'ambo wanaonunua injini mbovu, wakiongea lugha nisiyoielewa. Sisi wa Mpanda tulikua tukisikia kwamba watu wa makazi wana midomo miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao. Sikuwahi kudhulumiwa na hata mmoja wao. Lakini neno hilo nililibeba tu, kama wengine walivyolibeba.

Kufundisha alijua. Alinifundisha kupumua bila pupa na kupanda polepole kuliko mapovu yangu. Alinifundisha kutoziba pumzi kamwe wakati wa kupanda, maana hewa uliyoivuta chini hutanuka kadiri unavyopanda, na ukiibana inapasua mapafu. Nilipoyaweza hayo ndipo akanionyesha mfuko wa kunyanyulia mizigo. Pale kambini tuliuita puto. Ulikuwa wa turubai gumu la njano, wazi chini, una mikanda ya kufungia mzigo, na juu una tundu la kutolea hewa lenye kamba yake ya kuvuta. Unaufunga kwenye mzigo, unaupulizia hewa kutoka kwenye kipumulio cha akiba, nao unanyanyua kitu ambacho wanaume wanne wasingekiweza.

Namna ya kulibeba tu ilichukua wiki nzima. Lilikunjwa likaviringishwa, likabanwa kwa vipande viwili vya mpira wa baiskeli, likakaa kiunoni bila uzi wala mkanda unaoning'inia, maana kinachoning'inia hunasa kwenye jiwe, na ukinaswa chini huna wa kumpigia kelele. Kisu kilikaa mahali ambapo mkono wowote unafika. Kisha akanionyesha kulijaza: hewa kidogo, unasubiri, kidogo tena, unasubiri. Mzigo ukianza kutikisika unaacha, kwa sababu puto likianza kupanda hewa iliyomo inakua yenyewe bila wewe kuongeza, na lisipopunguzwa linakimbia. Unakaa pembeni, siyo juu yake, siyo chini yake. Jambo moja alilirudia hadi nikalichoka.

"Mdogo wangu, puto halina akili. Usilifunge mwilini mwako hata kwa uzi wa kushonea."

Nikamjibu sawa, kaka. Nikajiuliza kwa nini analikazania sana hilo.

Karatasi ya baba nilimwonyesha kwa kukosa njia nyingine, kwa kuwa puto na mitungi vilikuwa chini yake. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza baba ni mvuvi? Nikasema ni mkulima wa tumbaku. Akacheka kidogo, akasema atamwomba mwenye kambi ruhusa ya siku ya mapumziko. Jioni ile ile nikamwona tena na wale wa ng'ambo. Nikaona picha nzima: tutaikuta injini, yeye atalielekeza puto kule kwenye boti la rafiki zake, na mimi nitarudi Mpanda na maneno matupu kama ya baba. Sikulala vizuri. Asubuhi nikakata kamba ya nailoni, urefu wa pima moja, nikaificha ndani ya mkono wa nguo ya kuzamia.

Tulitoka na mtumbwi wa kambi na wapiga kasia wawili. Tulisogea mpaka jiwe likaingia chini ya pengo, tukaenda mbele na nyuma juu ya mstari huo hadi mti ukagusa ghala. Tukashuka na kamba ya nanga. Maji ya Tanganyika ni safi kiasi kwamba unaona unakokwenda kabla hujafika, na nilianza kuiona ikiwa bado mbali: kitu chenye pembe, kimeegemea upande mmoja kwenye mteremko wa mchanga, gurudumu lake limezikwa nusu. Ilikuwa mita chache tu kutoka kwenye nanga yetu.

Nilishtuka. Nasema ukweli kwa sababu sina faida tena ya kuuficha. Sikufurahi kwanza, nilishtuka kwamba ipo, macho yakanitoka, nikameza maji. Mwenzangu alikuwa ananitazama usoni kupitia kioo cha miwani yake, nikaona ameliona hilo.

Akafunga mikanda ya puto kwenye injini, akaijaribu mmoja mmoja. Alipozunguka upande wa pili kuchimbua gurudumu, mimi nikatoa kamba yangu. Ncha moja nikaifunga kwenye mkanda wa puto, nyingine kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, fundo la kufungia ng'ombe. Nikasema moyoni, haliendi popote bila mimi.

Alianza kupuliza: kidogo, tunasubiri. Injini ilikuwa imenyonywa na mchanga, haikutikisika. Akapuliza tena, tukasubiri. Akanionyesha kiganja kwamba nitulie, akainama kuchimbua zaidi. Mimi sikutulia. Nilimwona anachelewesha kwa makusudi hadi hewa iishe turudi mikono mitupu. Nikachomeka kipumulio changu cha akiba chini ya puto, nikabonyeza, sikuachia.

Mchanga ukaiachia injini mara moja. Puto likaondoka, na mimi nikaondoka nalo nikitanguliza mkono wa kushoto. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Masikio yalipiga, maji yalinivua miwani nusu. Nilichokumbuka ni kupiga kelele ndani ya kipumulio, na kelele hizo labda ndizo zilizotoa hewa mapafuni. Kisha kitu kikanidaka mguu. Alikuwa yeye, amening'inia kwenye unyayo wangu, anapanda mwili wangu kama anayepanda mnazi, na kisu mkononi. Nikakiona kisu. Hata pale nilimshuku. Niliurudisha mkono wangu nyuma nikidhani anataka kunikata mimi.

Alikata kamba. Puto likatutoka, tukabaki tunaelea mahali pamoja, yeye amenikumbatia kwa nguvu. Halafu akanivuta kando, kwa haraka ambayo sikuielewa mpaka nilipoangalia juu. Puto lilikuwa limefika usoni mwa maji, likaruka, likalala upande na kumwaga hewa yake yote. Injini ilikuwa inarudi. Ilipita mahali tulipokuwa, ikiburuza turubai la njano nyuma yake, ikagonga mteremko na kuteleza chini zaidi, mpaka ikasimama kwenye giza la buluu.

Alinipandisha polepole, akanisimamisha njiani tukisubiri, mkono wake haukuachia mkanda wangu. Tuliposhika mtumbwi, neno langu la kwanza kwa mtu aliyeniokoa lilikuwa hili:

"Umeikata makusudi."

Nililisema mbele ya wapiga kasia. Yeye aliivua miwani, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauinua ili wote wauone. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimefungwa, na chini yake ngozi ilikuwa imechunika mduara mzima. Wale wawili wakaangalia pembeni, wakaanza kupiga kasia. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilikuwa na safari nzima ya kurudi ufukweni ya kuionea.

Siku mbili hakuniita mdogo wangu. Siku ya tatu alikuja nikiwa naosha mitungi, akakaa juu ya ndoo, akaniambia niombe radhi kwa mwenye kambi juu ya puto lake, halafu tukailete injini. Nikamuuliza kwa nini bado anataka kunisaidia. Hata swali hilo lilikuwa la kushuku, lakini safari hii nilitaka jibu kweli.

"Ile karatasi," akasema. "Mwizi akitupa kitu anaangalia kama ameonekana. Baba yako aliangalia alipokitupa. Mimi niliamini siku uliponionyesha. Nikadhani na wewe umeamini."

Halafu akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba wale wa ng'ambo aliwatafuta ili awaulize kama wanalijua boti lililombeba baba. Hawakulijua. Hiyo ndiyo lugha niliyokuwa nasikiliza kila jioni kwa kukunja uso.

Nikatuma salamu Mpanda kwa dereva wa lori la dagaa, kwamba injini imeonekana, waje na hati ya kununulia yenye namba. Tuliipandisha siku waliyofika. Tulishuka zaidi ya mara ya kwanza, tukakaa muda mfupi zaidi, na mimi nilifanya kama nilivyoagizwa. Hewa kidogo, tukasubiri. Ilipotikisika tukaacha. Tulipanda pembeni yake, mmoja kila upande, yeye akivuta kamba ya tundu kila puto lilipotaka kukimbia, mapovu yakitoka na mwendo ukirudi kuwa wa mtu anayetembea. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu. Liliibuka taratibu, likatulia juu ya maji, tukalikokota hadi ufukweni.

Baba alikuwa amesimama na katibu wa kikundi na wazee wawili wa Kasokola. Alivaa koti lake la kanisani. Katibu alipiga magoti kwenye mchanga, akakwangua kutu kwa ufunguo, akasoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akasoma hati, akarudia tena kusoma chuma. Alichukua muda wake. Kisha akasimama, akavua kofia, akampa baba mikono yote miwili na kumwita mwenyekiti.

Najua nyie mnaosoma mngependa niishie hapo, na kweli yaliyofuata Mpanda yalikuwa mazuri. Fundi alihangaika na injini ile miezi miwili na hatimaye ikanguruma, kina mama wa Kasokola wakasaga kwao, na mama alivaa kitenge cha kijani siku ya kwanza. Lakini mimi huwa narudi pale ufukweni, wakati wanatafuta magogo ya kupandishia injini kwenye lori.

Baba alinijia. Nikamrudishia karatasi yake, imelowana na kukauka mara kadhaa, mistari bado inaonekana. Akaushika mkono wangu, akautazama ule mduara. Mtu alikuwa ameshamsimulia. Hakuniuliza kama unauma.

"Ulipoiona kule chini," akasema, "ulishtuka?"

Ningeweza kudanganya. Hatua chache kutoka tulipokuwa, kaka yangu wa Katumba alikuwa anakunja puto na kulibana kwa mpira, na alijua macho yangu yalivyokuwa siku ile. Asingenisema. Lakini baba alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anayetazama kijiti cha mbele akitafuta cha nyuma.

"Nilishtuka, baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara mbili. Aliikunja ile karatasi ikawa ndogo sana, akaitia kwenye mfuko wa koti na kufunga kifungo. Wale wengine walikuwa wameshapitisha kamba chini ya injini, wanatungoja. Baba akaokota ncha moja, akanipa nyingine.

"Haya, shika upande wako," akasema. "Tuipakie."